Tundu la Kigingi

"Punda aliingiaje kitabuni?"

Daktari Wasfi hakupaza sauti. Alikuwa ameinamia meza, kioo cha kukuzia kimekaribia kugusa kope zake, na ncha ya kidole chake imesimama kwenye bega la mwanamke aliyechorwa. Inshirah, aliyemchora, alisimama upande wa pili wa meza ameukumbatia mkoba wake kama mtu aliye kwenye foleni ya mkate.

"Punda gani, Daktari?"

"Huyu uliyemchora."

"Sijachora punda."

"Hukumchora yeye, umechora kazi yake. Sogea uone." Begani mwa mwanamke palikuwa na tundu la ukubwa wa kidole gumba, na chini ya tundu mkwaruzo uliopinda kama mwezi mwandamo. "Hapa pamepigiliwa kigingi. Hapa kamba imesugua, miaka na miaka, mnyama akigeuza shingo kulia na kushoto. Nawe umeandika chini: imenakiliwa kutoka kitabu cha zamani, kaburi halijulikani. Vitabu hivyo nimevisoma vyote, binti. Hakuna chenye zizi."

Inshirah alihisi masikio yakimwaka. Kwa miaka minne katika darasa la sanaa ya ustaarabu wa kale, mtu huyu alikuwa amewafundisha jambo moja kwa maneno mengi. Kilichopo kichorwe kwa mstari mzima, kilichobomoka kwa nukta. Ufa uchorwe. Pengo lichorwe. Mnakili anayeziba pengo kwa huruma, alizoea kusema, ni mwongo kuliko mwizi anayelichimba. Katika darasa la watu ishirini na wawili hakuna aliyemtii kama Inshirah. Alichora kila mkwaruzo. Haikumpitia akilini kwamba mkwaruzo unaweza kusema umetoka nyumba gani.

Haikuwa nia yake kuuchora ukuta ule. Kaburi alilopangiwa lilikuwa na lango, mlinzi na kibali. Wenzake kutoka Kairo na Asyut waliingia na kamba zao na taa zao. Yeye aliambiwa afungue mkoba, avue viatu, ataje kitongoji chake. Alipokitaja, mkaguzi wa zamu, Bwana Ragai, aliangua kicheko. "Naga Rashwan? Nyie hamnakili makaburi, mrembo. Nyie mnayabeba." Alirudishwa mara tatu, na mara zote tatu watalii walisimama wakamtazama akivaa viatu vyake. Mara ya nne hakwenda. Alichukua uzi wa mama yake, akaugawa kwa miraba ukuta wa nyuma wa zizi la kwao, akaanza kuchora.

"Unajua umechora nini?" Daktari Wasfi aliuliza.

"Mama anayenyonyesha. Na bata bukini."

"Wanaonyonyesha tunao. Bata bukini tunao mpaka basi. Lakini bata anayemvuta mama ushungi wakati mtoto yuko kifuani, na mama akageuka kumkaripia, uso mzima, siyo wa upande!" Alivua miwani. "Kuna mtu, miaka elfu tatu na zaidi iliyopita, alivunja sheria ya mabwana zake wote ili aonyeshe mwanamke aliyekerwa. Niko kazini mwaka wa thelathini na moja. Sijapata kumwona huyu. Yuko wapi?"

Inshirah alitazama sakafu.

"Sikiliza. Kamati inakaa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Ukituambia ukuta uko wapi, jina lako litatangulia na langu litafuata. Nafasi ya msaidizi wa mhadhiri mwaka huu ni moja. Ni yako. Ukinyamaza, barua kwa mkaguzi nimeshaituma. Watakuja kilimani kwenu waanze na nyumba yenu. Sifanyi kwa ubaya. Ukiuachia punda ukuta ule, baada ya miaka kumi hakuna bega, na baada ya ishirini hakuna mwanamke."

"Na nyumba, Daktari?"

"Nyumba gani?"

"Nyumba yenye ukuta."

"Watu hupewa nyumba nyingine," alisema, kwa wepesi wa mtu ambaye hajawahi kupewa.

Shangazi yake Inshirah alikuwa amepewa. Vyumba viwili vya saruji ng'ambo ya mfereji, paa la bati, hakuna mahali pa tanuri, hakuna mahali pa mnyama. Mumewe aliuza punda, akauza mbuzi, na sasa hukaa kizingitini kuanzia asubuhi na kofia mkononi, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa ndani.

* * *

Bakhit, baba yake Inshirah, alikuwa kivulini mbele ya nyumba akivunja pua ya paka. Paka alikuwa wa alabasta, mrefu kama mkono, na Bakhit alikuwa amemchonga kwa siku mbili. Alimgonga mara moja tu, kwa ubavu wa patasi, pua ikaruka. Kisha alimfukia kwenye samadi na majivu, akae humo wiki nzima azeeke.

"Alhamisi na mapema hivi?" alimwambia binti yake. "Wamekufukuza?"

"Bado."

Alikuwa akitania, lakini jibu lilimfanya aweke patasi chini. Tafida, mama yake Inshirah, alitoka uani akijipangusa unga, maana alikuwa akipanga madonge ya mkate juani yaumuke. Inshirah akawaeleza wakiwa wamesimama. Tundu, kamba, punda, Jumamosi.

Bakhit alicheka. Alicheka mpaka vumbi la mawe lililokuwa kifuani likamkohoza, akashika nguzo.

"Kigingi changu! Babu yako aliuficha ukuta ule Wafaransa wasiuone, Waingereza wasiuone, mkaguzi wa mfalme asiuone. Alirundika majani ya miwa kuanzia chini mpaka juu. Kumbe wa kutuchongea ni kigingi!" Kicheko kikakatika. "Kwa nini hukuliziba lile tundu kwenye karatasi? Mstari mmoja tu."

"Tumefundishwa kuchora na pengo, Baba."

"Nani huyo anayefundisha watoto wa watu kuchora pengo?" Alimwonyesha fukio la samadi. "Mimi nimemvunja paka ili mtalii Mjerumani aamini. Wewe umemvunja Bibi wa ukutani bega ili mwalimu aamini. Haya, sote tumefaulu."

"Mimi sijamvunja. Alikuwa amevunjika."

"Baba Inshirah, muache mtoto apumue," alisema Tafida. "Kwani wakimwona watafanya nini? Si watamtazama, watakunywa chai, watakwenda zao?"

"Watamchukua, Mama."

"Watamtoaje ukutani?"

"Hawamtoi yeye. Wanatutoa sisi."

Tafida alikaa chini taratibu, kwenye jiwe la kizingiti. Katika nyumba ile mwanamke wa ukutani aliitwa Bibi wa Bata, na hakuna aliyeona ajabu kumwamkia. Inshirah alipozaliwa, maziwa ya Tafida yalikauka, na mama mkwe wake alimketisha zizini siku nne mfululizo, mgongo kwa punda, uso kwa Bibi. Siku ya tano yalirudi. Sheikh wa msikitini alisema yalirudishwa na Mwenyezi Mungu, na Tafida hakubishana naye. Aliona tu kwamba Mwenyezi Mungu alikuwa amepitia zizini.

Hata mchoro ule aliushiriki. Zizi lilichimbwa ndani ya mwamba na jua halikulifikia, kwa hiyo kila adhuhuri, wiki sita, Tafida alisimama uani na sinia kubwa la harusi yake, akilinasa jua na kulitupa ndani, kupitia mlango, mpaka ukutani. "Mama, jua limehama," Inshirah aliita, na Tafida alisogea hatua moja. "Leo Bibi anamtazama nani, mimi au bata?" "Bata, Mama." "Na amkome."

"Kuna neno moja tu," Bakhit alisema hatimaye. "Useme umebuni. Ukuta haupo, umeutoa kichwani."

"Nikisema hivyo nafukuzwa. Kwao kubuni ni zaidi ya kuiba. Mwizi huweza kurudisha."

"Sikulazimishi."

Aliokota tupa, akaanza kusugua jiwe jingine. Baada ya muda alirudia, bila kuinua uso. "Sikulazimishi, binti yangu." Ndivyo alivyokuwa akilazimisha tangu zamani.

Ijumaa, wanaume walipokuwa msikitini, Inshirah aliingia zizini peke yake. Punda alikuwa akitafuna, kamba ikipanda na kushuka begani mwa Bibi. Msichana akailegeza, akaifunga kwenye hori. Alijua jambo ambalo hakuthubutu kulisema nje: kwamba Daktari Wasfi alikuwa na haki. Mikononi mwake Bibi angepata mlango, kivuli, watu wa kumpangusa kwa brashi ya manyoya. Wangemtazama watu kutoka kila nchi. Wa kufukuzwa ni wale tu waliomtazama siku zote.

Alasiri aliaga kurudi bwenini. Tafida alimfungia mikate mitatu na jibini kongwe kwenye kitambaa.

"Utawaambia nini kesho?"

"Sijui, Mama. Wallahi sijui."

"Basi nami nitafanya langu."

Inshirah alidhani mama yake anazungumzia dua.

* * *

Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado chini ya mikuyu ya bondeni, Gad, mlinzi wa makaburi na binamu ya Bakhit, alipita akasema wakaguzi wanakuja adhuhuri. Tafida alimshukuru, akampa chai, akangoja apotee njiani. Kisha akakunja kanzu, akaingia kazini.

Alichukua udongo wa shambani, makapi ya ngano, samadi ya punda, na maji. Alivikanyaga uani mpaka vikashikana, kama anavyofanya kila mwaka kwa tanuri na kuta za nje. Akamhamisha punda, akang'oa kigingi. Akaulowesha kwanza ukuta kwa kitambaa, kwa sababu udongo haushiki pakavu, kila mwanamke anajua hilo. Akaanza chini, kwenye miguu ya bata, akapanda kwa viganja, tabaka nene, laini, bila haraka. Uso aliuacha mwisho.

"Vumilia kidogo tu, Bibi," alisema. "Wakishaondoka nitakuosha mwenyewe." Akasema bismillahi, akaufunika.

Bakhit alimkuta ananawa mikono. Alisimama mlangoni mwa zizi akautazama ukuta. Yeye hupaka rangi mawe yake kwa unga na gundi, na aliwahi kupoteza kazi ya mwezi mzima kwa sababu ya mtungi mmoja wa maji uliopinduka.

"Umetumia maji kiasi gani?"

"Ndoo mbili. Kwa nini?"

Bakhit alikaa kwenye ukingo wa hori la punda. "Hamna kitu," alisema. "Umekandika vizuri."

* * *

Kamati ilikuwa ya watu watatu: Daktari Wasfi, mzee mmoja mwenye tasbihi, na katibu. Mchoro wa Inshirah ulitandazwa katikati yao, umebanwa pembe nne kwa vikombe vya chai.

"Swali ni moja," alisema Daktari Wasfi. "Ukuta huu uko wapi?"

Ndani ya kivuko jana yake, na asubuhi njia nzima ya kutoka bwenini, Inshirah alikuwa ameandaa majibu mawili. Alipofungua kinywa hakujua litatoka lipi. Akilini alimwona mume wa shangazi yake kizingitini, kofia mkononi.

"Haupo, Daktari. Nimeubuni."

Katibu aliacha kuandika. Mzee wa tasbihi alivuta mchoro, akautazama, akanyanyua nyusi. "Kama kabuni, binti huyu ni bingwa."

"Hakuna anayebuni tundu," alisema Daktari Wasfi. "Mtu anayebuni huchora bega zuri. Tundu umelitoa wapi?"

"Baba yangu anachonga sanamu za watalii," alisema Inshirah. Sauti yake ilitoka safi, kana kwamba anasomea wengine. "Tangu utotoni namwona akizivunja pua ili zionekane za kale. Nilipomaliza picha niliona nzuri mno. Hakuna ambaye angeniamini. Nikaivunja, kama anavyovunja yeye."

Mzee wa tasbihi alipiga meza kwa kofi, akicheka kwa furaha ya kweli. "Mtoto wa nyoka! Watu wa kilimani bwana, hata uwape elimu wataitia kwenye samadi."

Inshirah aliinamisha kichwa ili kicheko kipite juu. Ndicho alichokuwa amekinunua kwa uongo wake.

Daktari Wasfi hakucheka. "Nitazame. Jicho lake la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia. Na hilo umelibuni?"

"Ndiyo."

"Na ukucha wa mtoto unaomfinya titi?"

"Ndiyo, Daktari."

"Basi wewe ni mchoraji kuliko wote niliowafundisha," alisema, "na sitaki kukuona tena hapa chuoni."

Katibu akampa kalamu nyekundu. Daktari Wasfi aliandika neno "BANDIA" kwenye ukingo wa karatasi, kwa herufi ndogo. Katibu alikohoa, akasema kanuni inataka liwe katikati, likatize picha. Daktari aliigeuza karatasi, akaandika tena. Mstari wa kwanza wa herufi ya kwanza ulipita kwenye paji la uso wa Bibi wa Bata.

"Lakini barua imeshakwenda," alisema akifunika kalamu. "Twende kilimani tukaione hiyo nyumba isiyo na ukuta."

Katika msiba ule Inshirah alibaki na jambo moja la kushika. Palipo na giza, alijiambia, Bibi amekaa miaka elfu tatu. Akiwa na bahati atakaa mingine. Wataingia na tochi, yeye atasimama mbele ya majani ya miwa aliyomwomba baba yake ayarundike, labda hawatayasogeza.

* * *

Majani ya miwa hayakuwapo. Inshirah alifika mlangoni mwa zizi nyuma ya Bwana Ragai, akasikia harufu kabla hajaona: samadi mbichi, udongo mbichi. Ukuta ulikuwa na rangi ya kahawa, umelowa, makapi ya ngano yaking'aa ndani yake.

Rangi ya Bibi haikuchomwa ikashika kama rangi ya chungu. Ilikuwa unga na gundi juu ya lipu nyembamba ya jasi, na katika miaka yote ile adui yake mmoja, maji, hakuwahi kupanda kilimani. Alikuwa amelisoma hilo mwaka wa kwanza, ukurasa wa nane. Hakuwahi kumwambia mama yake. Haikumjia kwamba ni jambo la kumwambia mama.

Tafida alikuwa amejitanda ushungi wa sikukuu. Alisimama na sinia la harusi, glasi nne za chai juu yake, akatabasamu kwa mwanawe kama mtu aliyeficha zawadi.

"Mama, kwa nini ukuta huu umekandikwa leo?" aliuliza Bwana Ragai.

"Papasi, Bwana Mkaguzi. Joto likianza wanazaliana, wanamla punda. Tunakandika kila mwaka."

"Leo hii hii?"

"Papasi hawana kalenda."

Gad, aliyesimama nje, alicheka. Bwana Ragai hakucheka. Alitoa mwiko wa mwashi, akaupima ukuta kwa macho, akauchoma katikati, kwenye urefu wa bega la mtu, akabandua kipande cha ukubwa wa sahani. Udongo ulitoka pamoja na kilichokuwa nyuma yake, rojo jeupe lenye wekundu. Nyuma ya rojo palionekana mwamba mtupu.

"Nini hii nyekundu?"

"Kilima chetu ndivyo kilivyo, Bwana," alisema Bakhit. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejibu kuhusu hali ya hewa. "Chimba popote utaiona."

Daktari Wasfi aliinama, akaokota donge. Alilipasua kwa kidole gumba. Katikati ya wekundu palikuwa na uzi wa buluu, chembechembe zinazometa kama kioo kilichosagwa. Kilima hakizai buluu. Buluu ile ilipikwa na watu, kwa moto, na ilikuwa rangi ya shanga za shingoni mwa mama aliyekerwa.

Alimtazama Bakhit. Alimtazama Tafida, ambaye alimsogezea sinia na kusema, "Karibu chai, Daktari, isipoe." Mwisho alimtazama Inshirah, akakuta macho yake yakiwa wazi, hayamwombi kitu.

"Daktari?" aliita Bwana Ragai. "Niandike nini?"

"Udongo," alisema Daktari Wasfi. "Udongo wa zizi. Andika pango tupu."

Alichukua glasi ya chai kwa sababu alishikiwa, akainywa yote ikiwa ya moto. Nje, karibu na fukio la paka, alimsubiri Inshirah atoke.

"Kuna picha ya kamera?"

"Hatuna kamera."

"Basi ni mchoro tu."

"Ni mchoro tu, Daktari."

"Ule niliouandika."

Wote wawili walilielewa jambo hilo kwa wakati mmoja. Kulifuta neno lile jekundu kulitaka aelezwe mtu ukuta ulikuwa wapi na nani aliumwagia maji, na sheria ya mambo ya kale haina kifungu cha mama asiyejua. Daktari Wasfi alilifunga donge kwenye leso yake, akaitia mfukoni, akashuka kilimani kwa uangalifu, mkono juu ya mfuko, kama mtu aliyebeba yai.

* * *

Gari la wakaguzi lilipovuka mfereji, Tafida alipiga kigelegele kimoja, kifupi, asisikiwe na majirani. Nyumba imebaki! Alimkumbatia Inshirah, akamwambia chuo ni chuo, vitapatikana vingine, akalia kidogo kwa ajili ya chuo. Kisha akachukua ndoo na kitambaa.

"Haya, tukamwoshe Bibi. Tumembana pumzi tangu asubuhi, masikini."

Bakhit, kivulini, aliacha kusugua tupa.

Inshirah aliishika ndoo. "Maji hapana, Mama. Udongo ukauke kwanza. Ukikauka nitautoa kwa brashi, polepole, kama tulivyofundishwa."

"Siku ngapi?"

"Siku kadhaa."

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema Tafida, akairudisha ndoo uani.

Barua ya chuo ilikuja mwezi uliofuata, mstari mmoja na nusu. Kufikia hapo Inshirah alikuwa amekwisha kukaa kivulini kando ya baba yake, akipaka macho ya paka na mbawa za tai. Mkono wake ulikuwa bora kuliko wa Bakhit, na Bakhit alilisema hilo kwa watalii kwa lugha nne. Akimaliza sanamu alimkabidhi baba yake aivunje. Kuvunja mwenyewe alikataa.

Joto liliingia. Mikate iliumuka kabla ya saa mbili. Punda sasa alifungwa ukuta wa mkabala, na kila asubuhi Tafida alipompelekea majani alisimama mbele ya ukuta wa udongo, mikono nyuma, shingo ameiinamisha upande. Nyufa zilikuwa zimeutambaa wote. Pale mkaguzi alipochoma, vipande vilikuwa vikidondoka, na Tafida alivifagia kila siku akavimwaga chini ya mtende, mbali na samadi.

"Inshirah," aliita siku moja ya mwezi wa saba. "Njoo uangalie. Umekauka?"

Inshirah aliingia, vidole vina rangi ya macho ya paka. Aliweka kiganja ukutani. Ulikuwa wa moto, mgumu, mkavu kama mkate wa juzi. Vumbi jekundu kidogo lilimbaki mkononi. Alikifumba kiganja.

"Bado, Mama," alisema. "Bado mbichi."

Tafida hakuugusa. Alikuwa akikandika kuta tangu ana miaka saba, na udongo mbichi aliutambua kwa harufu hata akiwa ua wa pili. Alimtazama binti yake, akautazama ule mkono uliofumbwa, akaitikia kwa kichwa.

"Basi tungoje," alisema, akaenda kumfungua punda.